Banda Limezima

Saa kumi alfajiri Merrin alinigusa bega:
"Baba, banda limezima."
Hakusema taa. Alisema banda,
kama mtu asemavyo mgonjwa kazimia.

Ni Julai, bonde la Huon, Tasmania,
huku kusini ambako Julai ndiyo moyo wa baridi.
Nyasi zimeota jalidi, zinavunjika chini ya buti.
Nyumbani taa zinawaka, friji linanguruma,
lakini kule nyuma ya mitufaha ni giza,
na ndani ya giza mashine ya kuangulia,
na ndani ya mashine mayai kumi na tisa,
siku ya kumi na nane.

Nikafanya afanyavyo kila asiyejua:
nikabonyeza swichi. Nikaibonyeza tena.
Nikaigonga kidogo, kwa heshima.
Kisha nikaliendea sanduku la breka ukumbini,
nikamulika lebo za mwenye nyumba wa zamani:
JIKO. MAJI MOTO. CHUMBA CHA MAMA.
Moja haina jina, na ndiyo iliyolala.
Nikaiinua. Ikaanguka kidole kingali juu yake.
Nikaiinua tena. Tka.
"Inakataa," alisema Merrin.

Kipimajoto kilishuka hadi thelathini na nne.
Tukayahamishia mayai kwenye taulo,
taulo kapuni, kapu kitandani,
na mtoto akajikunja kulizunguka,
akipumua polepole yasitikisike.

Noelene Tapscott wa nyumba ya juu,
fundi umeme mstaafu, miaka thelathini kiwanda cha karatasi,
alikuja na koti juu ya nguo za kulalia.
"Chomoa kila kitu. Hata usichokikumbuka."
Chaja ya drili. Redio. Kinoo cha mota.
Na hita ndogo nyuma ya magunia,
ambayo nilikuwa nimeapa sina.
Tka.
"Basi si vyombo," alisema. "Ni ukuta."

"Swichi kuu nimeizima," nikamwambia.
"Nimesikia," akajibu,
akatoa kipimo, akapima hata hivyo,
akakipima na kipimo chenyewe kwenye soketi ya jikoni,
akarudi, akapima upya.
Mimi nilikuwa nashika tochi na kunyamaza.

Soketi ya kwanza, kavu.
Ya pili, kavu, na buibui aliyekufa zamani.
Ya tatu iko nje, chini ya ukingo wa paa,
juu ya tangi la mvua.
Akafungua skrubu mbili, akaguna.

Koa.
Mnene, mweusi, kajinyoosha
kutoka waya wa moto hadi waya wa ethi,
daraja la ute ambalo hakuna aliyeliagiza.
"Alifuata vuguvugu," alisema Noelene.
Usiku kama ule, nani asingelifuata?

Nilitaka kucheka. Kisha nikauona ufa wa kifuniko,
nikaikumbuka ngazi yangu, mwezi wa Machi,
ilivyoteleza ikagonga pale,
na *kesho* niliyoitamka tangu siku hiyo,
kesho baada ya kesho,
na zote zilikuwa mle ndani na koa.

Akamtoa kwa ncha ya bisibisi,
akafunga soketi mpya kutoka garini mwake.
Saa kumi na mbili na robo breka ikainuka,
ikakaa.
Dirisha la banda likawa manjano juu ya jalidi.
Pesa alizikataa. Alichukua kahawa,
na ile hita, "kwa usalama wako."

Nikaandika lebo: BANDA.
Merrin akaongeza chini yake, kwa penseli: *na mayai*.

Halafu akayamulika moja moja kwa tochi.
Kumi na manane yalikuwa na kitu kinachosogea.
La kumi na tisa alilitazama kwa muda,
akaligeuza, akalirudisha katikati ya mengine,
na hakupima mara ya pili.