Hesabu za Bwawani

Tulipogawana fedha za mwaka zikabaki elfu arobaini na mbili,
na arobaini na mbili haigawiki kwa wanawake kumi na mmoja
bila mtu kununa.
Perpetua akasema, basi twendeni bwawani tukazile.
Bwawa la shamba la mkonge, kule nyuma ya Muheza,
alilolichimba Mgiriki, kisha akaenda zake.
Maji yakabaki. Hayakuambiwa kwamba mwenyewe kahama.

Mimi ndiye mweka hazina. Daftari sikuliacha nyumbani.

Tela la trekta la Singano lilitushusha na sufuria la wali,
maandazi hamsini, na machungwa ya kuokota
(Muheza hii, nani anunue chungwa?).
Mkeka ukatandikwa. Nikafungua ukurasa mpya.

Saa nne na robo: mdiria mmoja, juu ya waya wa pampu iliyokufa.
Kifua rangi ya kutu,
mgongo rangi ya kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja.
Akadondoka majini kama shilingi iliyoponyoka,
akarudi wayani na dagaa mdomoni.
Nikaandika: mtaji, sifuri. Faida, mmoja.

Yangeyange saba.
Nikafuta. Sita. Wa saba alikuwa mfuko wa nailoni.
Walisimama topeni bila doa,
nasi tuliokuja na viatu tulikuwa tope hadi magotini.

Tumbili alikuja kwa adabu,
akiburuza makalio kidogo kidogo, macho pembeni,
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.
Andazi la kwanza. La pili.
Mwajabu akavua kandambili, akainua mkono.
"Ana mtoto," alisema Hilda,
na kweli, tumboni palining'inia kitu chenye masikio,
uso mweusi mdogo kama kifungo cha koti.
Kandambili ikarudi mguuni.
Nikaandika: mkopo, maandazi matatu. Mdhamini, Hilda.

Kenge alipokatiza njia tulisimama wote.
Hakuna aliyesema simameni.
Alipita polepole, ulimi nje, ulimi ndani,
mwenye nyumba akikagua wapangaji,
akaingia kwenye matete bila kuuliza kodi.

Halafu bwawa likapumua.

Sijui niliandikeje. Hapakuwa na kitu, maji tu na majani yake,
kisha ng'ambo ile, mbali, pumzi nzito
kama ya mtu aliyeweka chini gunia la chumvi,
na masikio mawili yakijikung'uta
vile mama anavyokung'uta mikono akitoka kuosha vyombo.
Kijiko cha Perpetua kilibaki hewani na wali wake.
Macho yalitutazama sawasawa, mmoja mmoja,
kama anayehesabu akidi.
"Waja leo," Mwajabu akanong'ona, "waondoka leo?"
Tukacheka na kanga mdomoni, mabega yakitikisika,
hata Hilda, ambaye tangu mwezi wa tatu
tulikuwa tukimpikia na kumla wenyewe chakula chake.

Akazama.
Viwimbi vikaja, kimoja nyuma ya kingine, bila haraka,
vikaligusa sufuria tulilolowesha ufukoni.
"Andika saa," Hilda aliniambia.
Hakuna aliyekuwa ametazama saa.

Jumamosi, kwenye kikao, nilisoma taarifa.
Usafiri, elfu kumi na tano. Mchele. Mafuta. Sukari.
Kwenye kiboko nilikuta mstari mtupu na alama ya chungwa,
nikanyamaza, nao wakanyamaza,
mwenyekiti akakohoa, tukaingia ada za mazishi.

Deni la tumbili lilipigiwa kura.
Kumi waliafiki lisamehewe.
Mwajabu peke yake alidai riba,
na riba, alisema, hufuatwa kwa mdaiwa.