Ya Moto au Baridi

Hilo ndilo swali langu,
kabla hata shikamoo haijaitikiwa:
ya moto au baridi?
Miaka kumi na moja nauliza hapa kwa Shija,
hatua themanini kutoka stesheni ya Tabora,
na jibu la mtu halijawahi kunidanganya.

Fundi Mihayo wa karakana: ya moto.
Baridi, anasema, inaushtua ulimi
kama breki ya ghafla inavyoamsha behewa zima.
Huinamisha glasi, humimina kwa ubavu,
huacha povu lipande kidole kimoja,
kisha husubiri.
"Povu ni shuka. Usimfunue aliyelala."

Wanunuzi wa tumbaku, soko likifunguliwa Urambo,
hutaka baridi mpaka chupa itoke jasho,
tena hutaka sita mezani kwa mpigo.
Wakifika ya sita imeshakuwa ya moto,
nao huinywa hivyo hivyo na kuisifia ubaridi.
Mimi nahesabu vizibo, nanyamaza.

Bi Ntakije, aliyeshuka na treni ya Kigoma
akakosa ya kurudia, akaolewa papa hapa,
yeye huvuta bia kwa mrija.
Walimcheka. Siku hizi wanamwazima.
Kwao Kasulu, anasema, pombe ya ndizi
haitaki mdomo wenye haraka:
mtungi katikati, mirija ya matete,
magoti yanagusana,
na kama una neno na jirani yako
mnalivuta wote wawili mpaka litokee sakafu ya mtungi.
Anautikisa mrija ndani ya chupa.
"Huku kwenu kila mtu na kisima chake."

Ila Jumamosi
basi la Sikonge hunishushia dumu la njano
lililozibwa kwa gunzi na kitambaa,
maana wanzuki inapumua:
ukiikaza inapasuka, inawaogesha abiria.
Ni ya mama yangu, asali ya miombo.
Siku ya kwanza ni maji ya watoto.
Ya pili ni tamu, inakuongopea.
Ya tatu ndiyo.
Ya nne mkaribishe mdai wako.

Hiyo siulizi ya moto wala baridi.
Friji inaiua.
Nakupa kikombe cha bati, nakwambia nusa:
moshi unaousikia ni wa mwenge
uliowaondoa nyuki usiku.
Halafu keti. Hii hainywewi wima.
Magoti ndiyo hulewa kwanza,
kichwa hupata taarifa baadaye, kama makao makuu.

Mwezi wa Tisa Mihayo alikuja peke yake,
akaagiza mbili: moja ya moto, moja baridi.
Ya baridi ilikuwa ya Sizya, mfunga breki,
waliyebishana naye meza ile ile
tangu magari moshi yakiitwa hivyo kwa haki.
Alikunywa yake polepole.
Ile nyingine ikatoka jasho,
jasho likakauka,
treni ya Mwanza ikaja, ikaenda,
sikuthubutu kuiondoa.
Ndipo akaigusa shingo, akatikisa kichwa.
"Imehamia upande wangu," akasema,
"na yeye hayupo wa kukubali ameshindwa."
Akaimimina. Kwa ubavu. Povu kidole kimoja.

Mimi mwenyewe? Sinywi.
Nalichovya dumu kidole likifunguliwa,
nalamba, najua mama kaamkaje.
Mvua ikimkosesha usingizi inakuwa kali kidogo.
Akiwa na wageni, asali inazidi.

Jumamosi hii imekuja ya siku ya pili.
Mama, ambaye hajawahi kuharakisha chungu
hata alipozikwa baba.
Tamu, tamu mno,
kama sauti ya mtu anayesema hajambo.

Wateja wameisifu. Wameimaliza.
Nimeosha dumu, nimemwomba Shija siku tatu.
Basi la Sikonge huondoka saa kumi na mbili,
na kiti nilichokata ni cha dirishani,
dumu tupu mapajani,
mdomo wazi.