Daftari la Ombwayo

Tangazo limebandikwa kwa uji wa mahindi.
Kona moja imeshadonolewa na kuku wa mlinzi.
Kuanzia tarehe mosi, treni ya Jumanne haipo.
Ya Ijumaa itang'oa Butere saa kumi na mbili kasorobo
badala ya saa moja na robo.
Sahihi haisomeki. Muhuri umevuja wino.

"Kasorobo ya nani?" auliza Apondi,
amekalia gunia lake la njugu mawe.
"Kuku wangu saa hizo hawajakohoa hata kidogo,
niwadai mayai wakiwa usingizini?"

Tunacheka, kumi na mmoja tulio hapa Yala,
pamoja na mtoto aliyelaza sikio kwenye reli.
"Bado," asema mtoto.

Makokha alaumu injini.
Asema juzi pale mlima wa Maseno ilisimama,
ikarudi nyuma hadi karibu na migomba ya watu,
ikajaribu tena, ikashindwa,
na abiria wa behewa la mwisho wakashuka kwa hiari
ili kuipunguzia mzigo.
"Mlisukuma?"
"Hatukusukuma. Tulitembea kando yake,
kama watu wanaosindikiza mgonjwa."

Ayieta, aliyewahi kufunga breki enzi za shirika,
amkatiza kwa mkono wenye vidole vitatu.
Injini haina kosa, asema. Ulizeni mataruma.
Mangapi yaling'olewa usiku yakauzwa kwa kilo?
Zizi la jirani yangu limesimama juu ya chuma cha serikali,
na ng'ombe wake ndio hao hao
wanaolala njiani treni ikija.

"Basi panda gari la barabarani."
"Kwa mia mbili? Na hili gunia nalo lilipiwe?"
"Bado," asema mtoto.

Ombwayo hajafungua kinywa.
Anafungua daftari la kurasa tisini na sita,
lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Wiki sitini na tatu amezipigia mistari kwa rula:
ilipotarajiwa, ilipofika, sababu.
Ng'ombe. Mvua. Ng'ombe. Dizeli.
Dereva kashuka kukagua gurudumu, karudi na mahindi ya kuchoma.
Haijulikani. Ng'ombe.
"Wastani," asema Ombwayo, kwa heshima,
kama anayemtaja mkwe,
"ni dakika hamsini na mbili."

Hapo tukanyamaza. Hamsini na mbili!
Makokha akaomba aandikiwe kwenye karatasi
akawaonyeshe wakubwa Kisumu.

Apondi ndiye aliyelichukua daftari,
akashuka nalo kwa kidole, mstari kwa mstari,
midomo ikisoma, mpaka kidole kikagota.
"Mwalimu, tarehe kumi na tisa Julai
umeandika: kwa wakati.
Kwenye sababu hukuandika kitu."

Ombwayo akafunga kalamu. Akaifungua. Akaifunga.
"Siku hiyo niliyechelewa ni mimi.
Nilikuwa na hesabu zangu. Nikanywa chai ya pili,
nikapiga viatu rangi.
Honi ikanikuta pale kwenye mikaratusi.
Rispa alikuwa dirishani, na sanduku jipya,
anaanza safari ya huko Uarabuni.
Aliinua mkono. Labda alikuwa anashika pazia.
Saa ya kufika nilikuja kuiuliza kwa mlinzi."

Hakuna aliyesema pole. Apondi alimrudishia daftari
baada ya kupangusa jalada kwa leso,
ingawa halikuwa na vumbi.

"Hiyo kasorobo yao," Ayieta akasema baadaye, akilitazama tangazo,
"mimi nitakuja saa kumi na moja."
"Na mimi," Makokha akasema.
"Nami hao kuku watanijua," akasema Apondi.

Mtoto akainua kichwa, shavu lina alama ya kutu.
"Inakuja."
Sote tukamgeukia Ombwayo.
Aliitazama saa yake kwa muda mrefu.
Hakuandika.