Risiti

Ilianza kusumbua mwezi wa pili.
Risasi ya tatu ikawa inasita mlangoni
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji,
nami Jumapili nzima uwanjani
navuta, natoa, napuliza vumbi,
karatasi ya shabaha ikinitazama
na matundu yake mawili.

"Natafuta magazini," nikamwambia kijana wa Mtaa wa Biashara,
naye akaninyooshea kidole kwa wauza majarida.
"Ya mapishi au ya mitindo, mama?"

Fundi wa Barabara ya Kirinyaga hakuhitaji kuelezwa.
Duka lake ni vioo vya magari,
pale unapouziwa tena kioo chako
kilichong'olewa jana.
Akafuta mikono kwa gunia.
"Ipo. Nusu bei. Ila usiniulize imetoka wapi,
nami sitakuuliza inakwenda wapi."
Akaifunua kutoka kwenye gazeti kuukuu:
nyeusi, safi, yenye mafuta,
na pale penye chapa ya kiwanda
mtu alikuwa amepitisha msasa.

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Orofa ya tatu, basi. Mlango wa chuma
nyuma ya mlango wa chuma,
mlinzi anayepekua hata leso.
Bi Kerubo alikuwa anakunywa uji kwa kifuniko cha chupa ya chai.
Akasoma cheti changu cha silaha mara tatu,
mara ya tatu kwa sauti, kama ananiandikisha shule:
"Namisi Wekulo. Fundi wa meno ya bandia. Buru Buru.
Bunduki ya shabaha, pointi mbili-mbili, moja."

Akaipokea magazini yangu mbovu,
akaipapasa juu kwa ukucha.
"Hapa. Midomo imepinda, unaona? Upana wa unywele.
Mdomo uliponza kichwa."
Akacheka peke yake, akanywa uji.
"Na springi nayo imechoka.
Watu hudhani inachoshwa na kubanwa. Wapi!
Kubanwa inavumilia miaka.
Kinachoichosha ni kwenda na kurudi,
kwenda na kurudi."

Sikumwambia kwamba namjua mtu wa namna hiyo:
mama yangu, benchi la nyuma, mahakama ya Makadara,
kesi imeahirishwa mara kumi na moja.
Risasi iliyomkuta kaka yangu Simiyu pale Pangani
haikuwa na mwenyewe.
Mtaalamu aliapa, akavaa miwani, akasoma:
haijulikani bunduki gani,
haijulikani iliuzwa na nani,
haikuandikwa popote.
Hakimu akatafuta tarehe nyingine.

"Mbili," nikasema. "Za kiwanda chenyewe."

Bei iliniuma. Simu iligoma kutuma pesa,
ikagoma tena, ikakubali.
Bi Kerubo akafungua daftari zito kama jiwe la kusagia,
akapiga mistari kwa rula ya mtoto wa shule,
akaandika tarehe, jina, namba ya cheti,
bila haraka, akirudia kila herufi iliyofifia.
"Mali bila daftari," akasema bila kuinua kichwa.
"Huisha bila..."
na neno la mwisho likanikwama palepale,
risasi ya tatu.

Akaniangalia. Hakuuliza.
Akanisukumia kalamu.
Penye sababu ya ununuzi niliandika: shabaha.
Pakabaki nafasi kubwa, nusu mstari mzima,
naye akaipigia kistari
ili asije mtu akaongeza lake.

Chini, mvua ilikuwa imeanza,
Moi Avenue yote imejibanza chini ya vibaraza.
Magazini zikigongana tupu mkobani,
nilisimama mlangoni nikaikunja risiti mara nne,
nikaitia kifuani
isilowe.