Nyota za Mjomba Mrisho

Ngozi niliilowesha tangu alfajiri,
nikaifunga kwenye gazeti la juzi,
nikangoja irudishe rangi yake
na ibakiwe na ubaridi kidogo, kama ndewe ya sikio.
Ikiwa mbichi mno, chapa huzama na kutapika maji;
ikikauka, hugongi, unabembeleza jiwe.
Hayo nayajua. Miaka sita nipo hapa Gerezani,
kati ya mchomeleaji na muuza vipuri,
hayo nayajua.

Lakini nyota zilitoka chongo.
Upande mmoja shimo, upande mmoja kivuli,
na mikanda ishirini na minne ya sare za walinzi
ilitakiwa Jumatatu.

Nikalaumu meza: nikaukunja mkeka wa kubeti uliochanika
mara nne, nikauchomeka chini ya mguu mfupi.
Nikalaumu ngozi: ya tumbo hunywa kila inachopewa,
ya mgongo bado ina kiburi cha ng'ombe mzima.
Nikalaumu mashine ya jirani inayotikisa mpaka kope.
Nikaweka nyundo ya chuma, nikashika ya mpingo,
nikagonga mara moja tu, maana pigo la pili huzaa pacha.
Chongo.
Nikalaumu kiganja changu.
Chongo.

Pazi haisikii nyundo. Hasikii kitu
tangu homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka mitatu.
Huweka kiganja mezani ninapogonga,
na uso wake hunijibu kabla sijainua chapa.
Siku hiyo alitikisa kichwa mpaka akachoka,
akanipokonya chapa, akaisimamisha
juu ya kioo tulichookota Upanga walipobomoa nyumba,
akainama, akanivuta kola niiname.
Chini ya ncha mbili za nyota
ulipita uzi wa mwanga.

Mjomba Mrisho alikuwa mtu wa mashoto.
Chapa hii aliichonga kwa bolti ya lori bovu,
akaigonga miaka thelathini kwa mkono ule,
akiegemea, kama alivyoegemea kila kitu:
mlango, kaunta ya dukani, hoja.
Chuma kikalika kikimfuata.
Aliponirithisha chapa
alinirithisha na mwegemo.

Nikakaa na tupa mkononi. Chai ikaota utando.
Pazi akaandika kwa kidole kwenye vumbi la meza: JTATU.
Nikasugua. Unga wa chuma ukadondokea kanga yangu,
mweusi, mwepesi,
na sikuukung'uta upesi.

Uzi wa mwanga ukakatika.
Nikagonga: ncha tano, kina kimoja.
Ya pili ndugu yake. Ya mia mbili ndugu yake.
Pazi kiganja mezani, macho kayafumba.

Jumanne akaja Bwana Nampoto wa bandarini,
mkanda wake wa zamani kauzungusha mkononi.
"Nimenenepa," akasema, bila aibu.
"Unga kipande, toboa matundu mawili,
na nyota mbili ziwe sawa na hizi."

Nikaugeuza mkanda kwenye mwanga.
Nyota kumi na tisa, zote chongo,
zote zimeinama upande uleule
kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani.
"Sawa," nikamjibu,
na neno likanikwama: sawa na nini?

Nikapaka maji kwa sponji. Nikangoja rangi irudi.
Kisha nyundo nikaihamishia kushoto,
mkono mgeni wa kazi,
mkono nisiompa mtu kitu.
Nikaegemea.

Kwenye kipande cha majaribio, Pazi akakunja uso.
Nikaegemea zaidi. Akakunja uso.
La tatu lilipotua
kiganja chake kilitulia mezani muda mrefu,
halafu akacheka, kwa nguvu, mpaka mchomeleaji akageuka,
kwa sauti ambayo mwenyewe haikumbuki.