Sifuri Mbili

Saa kumi na mbili alfajiri, Keshero, upepo haujaamka.
Hizi ndizo saa za mazuku,
hewa nzito isiyo rangi wala harufu,
inayojaa mabondeni kama maji yasiyolowesha:
huanza na kuku, ikaja kwa mbuzi,
kisha mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.

Nimebeba chupa mbili za chuma, mpira mwembamba,
na daftari nililorithi.
Miezi kumi na minne, sifuri, sifuri, sifuri, sahihi.
Kalamu moja, mkono mmoja,
nadhani na alasiri moja.

Kwanza milango.
"Mama Nsimire, king'ora kitalia. Ni mimi, usikimbie.
Lakini kikilia baada ya saa mbili, si mimi.
Mwinue mtoto juu, panda barabarani."
Nyumba tisa, maneno yale yale,
maana hapa miguu ya watu ina kumbukumbu:
sauti kubwa ikipanda
godoro liko kichwani kabla hujauliza ni mlima au ni bunduki.

Chumba cha pampu kiko chini, ngazi kumi na moja
zilizochongwa kwenye lava.
Byamungu anabaki juu na kamba.
"Nikianguka?"
"Nakuvuta."
"Unashuka?"
Kimya.
"Byamungu, unashuka?"
"Sishuki, dada Kasoki."
Anasema akitazama pembeni, kama mtu aliyekiri deni.

Kifaa kidogo kifuani kimenipa ruhusa. Nashuka.
Kitambuzi kimefungwa ukutani, usawa wa goti.
Aliyekipachika alijua:
hatari hii haimtazami mtu usoni.

Nageuza ufunguo: majaribio.
Nakivisha kikombe, nafungulia nitrojeni taratibu.
Sifuri. Vizuri.
Nabadilisha chupa, nasoma tarehe yake mara mbili,
asilimia mbili ya hewa ile inayoua, imepimwa, imefungwa.
Naipa njia.

Sifuri.

Nahesabu hadi sitini. Sifuri.
Hadi mia na ishirini.
Juu Byamungu anakohoa ili nijue yupo.
Sifuri, kijani, tulivu, kama mtumishi
anayekuambia bosi hayupo, na bosi unamwona dirishani.

Nafungua kifuniko.
Buibui amefuma pazia, na vumbi jeusi la volkano
limelipiga plasta.
Miezi kumi na minne kimekaa hapa kikinusa nyumba ya buibui.

Shuleni waliniambia sifuri ni moja.
Ziko mbili.
Moja ya hewa safi, moja ya kiziwi,
na daftari haliwezi kuzitofautisha.

Chujio jipya. Kikombe. Mpira.
Nukta tatu. Nukta tisa.
Moja na nukta sita.
King'ora kikapasua asubuhi, na hakuna aliyekimbia;
mtoto mmoja tu alicheka, akajaribu kukiiga.
Narekebisha, nangoja, narudia,
hadi mbili iwe mbili.
Nikaandika: kilikuwa kiziwi. Sasa kinasikia.
Nikapanda ngazi nikijisikia mtu wa maana.

Usiku, mbele ya sombe na fufu,
kitu kigumu kikanichoma pajani.

Ufunguo.

Sikumaliza tonge. Motari aliniuliza nani anaumwa,
nikamwambia kaza mwendo, nitaongeza.
Mvua ilikuwa imekatika, upepo umekufa,
usiku wenyewe ule mazuku inaoupenda.
Byamungu nilimtoa kitandani, kamba begani, shati kinyume.
Kifaa kifuani. Ngazi kumi na moja.
Kitambuzi kilikuwa macho, kinanusa vizuri kabisa,
na mdomo wake niliufunga mimi.

Nikageuza: kazi.
Nikaandika saa, nikaandika: nilisahau.
Mkono haukutaka. Nikauandikisha.

Dirisha la Mama Nsimire likafunguka.
"Fundi, kitalia tena?"
"Sijui, mama.
Lakini sasa kinaweza."