Majogoo

"Mwalimu anataka neno moja la kwenu,"
aliniambia Rukaiya jana, kiatu mkononi,
"la ule wakati kabla ya jua."
Nikampa majogoo.

Akacheka. Majogoo wangapi?
Hapa Aberdeen, nikamwambia, hakuna hata mmoja.
Anayewika ni shakwe juu ya dohani,
naye huwika saa yoyote aipendayo,
hana adabu ya wakati.

Saa kumi na moja huwa nimeshatoka.
Theluji imelala njiani
kama unga uliomwagika, asiyekuwepo wa kuuzoa.
Kiwandani tunapasua samaki chini ya taa.
Saa kumi na mbili, giza.
Saa moja, giza.
Saa mbili msimamizi hutusabahi, asubuhi njema,
nami humjibu, ingawa dirisha linamkanusha.
Jua lenyewe huja saa tatu kasorobo,
mgeni wa chai anayefika vikombe vimeoshwa.

Basi majogoo ni saa, au ni giza?
Mama aliposema, "Mie nimeamka majogoo,"
hakuwa ametazama saa wala mbingu.
Alikuwa anatusuta:
jiko limewaka, na nyie bado mmejifunika.

Leo nimeamshwa na birika.
Nimemkuta Rukaiya, miaka tisa,
koti langu likimburura sakafuni,
ananimiminia chai kwenye chupa
kwa mikono miwili, ulimi nje, asimwage.

Umeamka lini wewe?

"Majogoo," akasema, bila kuinua macho.

Juu ya paa, shakwe akakohoa.